Nichukue Range Rover ya mwaka 2007 au Land Cruiser VX ya mwaka 2003?

Mrombo wa Njiro

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambazo nimezikusanya kwa miaka minne. Ninaishi Njiro, Arusha, na wazazi wangu wako Rombo, kwa hiyo karibu kila mwisho wa mwezi ninapita Moshi, Himo na Marangu kwenda Mkuu. Mara nyingi ninashuka na mama, ambaye anasumbuliwa na nyonga na anahudhuria kliniki katika hospitali ya KCMC, Moshi. Noah niliyo nayo imetutumikia vizuri, lakini watoto wamekuwa watatu, mikungu ya ndizi haikosi kwenye buti, na mama anashuka garini akiwa amechoka kuliko alivyopanda. Natafuta gari kubwa, tulivu, lenye kiti cha kumpumzisha mtu mzima, na ambalo masika hayatalizuia kufika uani kwa wazee.

Bajeti yangu yote ni shilingi milioni 45, na humo ndani nataka kubakiza kiasi cha matengenezo ya mwanzo. Magari niliyoyaona ni mawili. La kwanza ni Range Rover ya mwaka 2007, dizeli ya V8 ya lita 3.6, namba D, ambalo dalali mmoja wa Sakina analiuza kwa milioni 38. Anasema limetembea elfu 110 tu. Linang'aa, ngozi ya viti haina mkwaruzo, na ukifunga mlango husikii tena kelele za barabarani. La pili ni Land Cruiser VX ya mwaka 2003, petroli ya V8 ya lita 4.7, namba B, mali ya mzee mstaafu wa Moshi ambaye anataka milioni 41. Limetembea kilomita 268,000, rangi ya boneti imefifia kwa jua, na kiti cha dereva kimepasuka pembeni.

Nasema kweli kwamba moyo wangu uko Sakina. Lakini sielewi kwa nini gari ambalo lilikuwa ghali zaidi lilipokuwa jipya, na ambalo ni dogo kwa miaka minne, linauzwa chini ya lile kuukuu. Naomba pia mnieleze nikague nini, na kama ni kweli kwamba nikiagiza mwenyewe kutoka nje nitapata nafuu.

Fundi wa Unga Limited

Ndugu Mrombo, nimekuwa chini ya magari haya kwa miaka 22, mengi yakiwa ya utalii na machache yakiwa ya kifahari, na swali lako la kwanza ndilo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi mpaka wameshalipa. Bei ya gari la kifahari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Range Rover uliyoiona imepoteza sehemu kubwa sana ya thamani yake tangu itoke kiwandani, ila kompresa inayojaza upepo springi zake za hewa (mipira inayolibeba gari), giaboksi yake na turbo zake mbili bado zinauzwa kwa bei ya gari la daraja lile lile ambalo lilizaliwa nalo. Soko linalijua hilo, na ndiyo maana anayeliuza anakubali fedha ndogo. VX imeshikilia bei kwa sababu anayeinunua anajua kwamba fundi na spea viko karibu.

Tuangalie gari lenyewe. Range Rover ya umbo hilo ilitengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2012. BMW ndiyo iliyoisanifu, lakini mwaka 2000 iliiuza Land Rover kwa Ford, na mwaka 2008 Ford nayo ikaiuza kwa Tata ya India. Kwa hiyo magari ya miaka ya mwanzo, hadi 2005 kwa petroli na 2006 kwa dizeli, yana injini za BMW, na yaliyofuata yana injini za familia ya Jaguar na Ford. Hili si hadithi ya kupitisha muda, kwa maana spea nyingi za injini, giaboksi na umeme za kipindi kimoja haziingii kwenye kingine, na nimeona watu wakinunua vifaa kwa kuangalia umbo la nje tu. Ukiagiza chochote, agiza kwa namba ya chesisi.

Kuhusu hizo elfu 110, muulize dalali kama ni kilomita au maili. Range Rover za dizeli zilizopo kwetu kwa kawaida zimetoka Uingereza, kwa kuwa zilizouzwa Japani zilikuwa za petroli, na magari ya Uingereza huhesabu kwa maili. Maili 110,000 ni kama kilomita 177,000. Kama ana namba ya usajili ya zamani ya Uingereza, ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya serikali ya huko, utaona ukaguzi wa kila mwaka na maili zilizosomwa siku hiyo, bila malipo. Muuzaji mkweli hatakunyima namba hiyo.

Gari la Uingereza lina jambo jingine ambalo hatulifikirii kwa kuwa sisi hatuna barafu barabarani. Majira ya baridi barabara zao humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini. Usiridhike na rangi ya juu. Lipandishe gari, piga tochi kwenye bodi ya chini, mabomba ya breki na viungo vya nyuma, na kama utaona lami nyeusi mbichi imepakwa huku chini, ikwangue kidogo kwa bisibisi uone inaficha nini.

Springi za hewa zikague kwa usiku mmoja. Jioni pima kwa futi kamba kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, kona zote nne, kisha rudi alfajiri upime tena. Gari likishuka kidogo kwa usawa si kosa, lakini kona moja ikiwa imelala kuna mpira uliopasuka. Mpira unaovuja huifanya kompresa ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue, na mwenye gari hubadilisha kompresa akidhani amemaliza, baada ya miezi michache na hiyo mpya inaungua kwa sababu ile ile. Nimewaona watatu waliopita njia hiyo.

Giaboksi ni ya gia sita, kazi ya kampuni ya ZF ya Ujerumani. Utaambiwa kwamba oili yake haibadilishwi maisha yote ya gari, lakini ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Karteri yake, yaani bakuli la oili la chini, ni ya plastiki na chujio limejengwa humo humo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Ukilijaribu gari, shika barabara ya Moshi, na ukifika kwenye mwendo wa 60 hadi 80 kanyaga mafuta kidogo sana bila kubadilisha mguu. Likitetemeka kama linapita juu ya matuta madogo madogo, acha.

Baada ya hapo lipeleke kwenye mpando wa Himo kwenda Marangu likiwa na watu ndani, uangalie mshale wa joto. Injini zenye tatizo la kupoza haziumbuki kwenye tambarare ya Kisongo, huumbuka mlimani. Uje asubuhi kabla injini haijawashwa, uweke mkono juu yake kuhakikisha ni ya baridi kweli, maana injini iliyopashwa joto kabla hujafika imefichwa moshi wake wa kwanza.

Mwisho, lipimwe kwa kompyuta inayosoma mifumo yote, sio injini pekee, na betri ikiwa nzima, kwa sababu betri dhaifu kwenye magari haya huwasha taa za makosa ambayo hayapo, na fundi asiyejua ataanza kubadilisha sensa zisizo na kosa.

Mama Wawili wa Shanty Town

Kaka Mrombo, mimi sina ufundi, nina niliyoyapitia. Mwaka 2019 mimi na mume wangu tulinunua Discovery 3, dizeli ya V6 ya lita 2.7, ambayo kwa mambo mengi ni ndugu wa hiyo Range Rover. Sijawahi kuendesha gari zuri kama lile. Baba mkwe wangu, ambaye alikuwa na tatizo la uti wa mgongo, alikuwa analala usingizi kutoka Machame hadi KCMC, na kwenye magari mengine alikuwa anahesabu mashimo.

Mwaka wa pili gereji moja ya hapa Moshi ilituambia oili ya giaboksi imechakaa. Walikuwa sahihi, lakini walitia oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki waliyokuwa nayo dukani badala ya ile inayotakiwa. Baada ya wiki tano gari lilianza kutetemeka karibu na Boma Ng'ombe, kisha likagoma kabisa kuingiza gia. Tulivutwa hadi nyumbani. Giaboksi iliyotumika ilipatikana nje ya nchi, ikakaa njiani, ikafika, ikaonekana ni ya mwaka tofauti, ikarudishwa. Gari lilikaa chini ya mwembe miezi minne na siku kumi.

Fedha tulizopoteza ziliniuma, lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba kwa miezi hiyo yote mzee alikuwa anapelekwa kliniki kwa gari la kukodi, na mara mbili alikosa miadi. Kwa hiyo nakuomba ulifikirie hili ukiwa unalinganisha bei: wewe unanunua gari kwa ajili ya mama. Jiulize, siku gari litakapoharibika, kwa sababu la umri huo litaharibika tu, litakaa siku ngapi bila kutembea? Gari la jirani yangu, ambalo ni VX kama hiyo uliyoiona, lilikufa pampu ya maji siku ya Jumatatu. Jumatano jioni lilikuwa linapanda Kibosho.

Nyongeza ndogo kwa yeyote anayefikiria Discovery ya injini hiyo: ina mikanda ya taimingi miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, na mafundi wengi hubadilisha wa mbele tu. Injini hizo zina pia sifa mbaya ya kukatika krenkishafti, yaani mhimili mkuu wa injini. Yetu haikufika huko, lakini nilikuwa ninaendesha nikilisikiliza gari kuliko ninavyowasikiliza watoto.

Range wa Moshono

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona gari linahukumiwa kwa makosa ya watu. Nina Range Rover ya dizeli ya umbo hilo hilo kwa mwaka wa sita sasa, ninaishi nalo hapa Moshono ambako barabara yetu wenyewe mnaijua, na limeniacha njiani mara moja tu. Lakini nieleze ninavyoishi nalo, ili ndugu yetu aone kama ataweza.

Oili ya injini ninabadilisha kila kilomita 8,000, nikiheshimu daraja la oili lililoandikwa kwenye kitabu. Giaboksi nilimwaga oili mwezi wa kwanza baada ya kulinunua. Nina kompyuta yangu ya kulipima, kwa sababu nilichoka kulipia kila taa inayowaka. Springi za hewa za mbele nilibadilisha zote mbili kwa pamoja ingawa moja ilikuwa bado nzima, kwani zilizaliwa siku moja. Spea naagiza kwa namba ya chesisi kutoka Uingereza kabla kifaa hakijafa, kikianza kulalamika tu. Na kuna Toyota ndogo uani kwa ajili ya siku ambazo Range inasubiri kifaa.

Siku niliyolinunua nilikuwa nimetenga milioni 12 pembeni, na katika miezi 18 ya kwanza zilikwisha zote. Baada ya hapo gari lilitulia. Wewe ukilipa milioni 38 unabaki na milioni 7, na gari ni moja. Hapo ndipo ninapokubaliana na Fundi na dada wa Shanty Town, ingawa kwa sababu tofauti na zao. Gari lenyewe sina neno nalo, tatizo ni kwamba bajeti yako haijafika kwenye bei yake halisi. Dalali akikubali milioni 30, na akakuonyesha stakabadhi za matengenezo ya miaka mitatu iliyopita, tuzungumze upya. Lakini dalali ambaye hajui ni nani aliyelihudumia gari anauza rangi na ngozi tu.

Wakala wa Forodha

Nijibu swali la kuagiza, kwa kuwa naona limepitwa. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 ukiliingiza nchini unalipa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani yake hadi bandarini. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, na ushuru wa uchakavu asilimia 30. Kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 18 inakokotolewa juu ya vyote hivyo. Chukua gari ambalo hadi Dar es Salaam lina thamani ya milioni 20: forodha ni milioni 5, ushuru wa bidhaa milioni 2.5, uchakavu milioni 7.5, na VAT milioni 6.3. Jumla ni milioni 21.3, yaani kodi zimelizidi gari lenyewe, na hapo bado kuna tozo ndogo, gharama za bandari, wakala na usajili. Tena Mamlaka ya Mapato (TRA) hawaangalii risiti yako pekee, wana orodha yao ya thamani, na unaweza kuijaribu kwenye kikokotoo chao mtandaoni kabla hujatuma hata senti. Kwa magari ya 2003 na 2007, la mkononi, yaani lililokwisha kusajiliwa hapa nchini, ndilo lenye mantiki, kwa sababu kodi hiyo ameshailipa mwingine.

Ila la mkononi lina makaratasi yake. Kadi iwe halisi na iwe na jina la anayekuuzia, sio la mtu aliyemuuzia yeye bila kubadilisha umiliki. Ukikuta jina la benki pamoja na la mmiliki, gari liko kwenye mkopo, na malipo yafanyike benki mpaka walitoe. Ukiambiwa kadi imepotea na hii ni nakala mpya, nenda TRA na muuzaji mwenyewe kabla ya kulipa. Angalia madeni ya faini za trafiki na ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kwa namba ya gari, maana madeni hayo yamefungwa kwenye gari na utayarithi. Mkataba wa mauziano upitie kwa wakili. Na ulizia bima kubwa mapema, ukitaja mwaka wa gari, kwa sababu si kila kampuni inapenda magari ya umri huo.

Mkiwa Arusha mtaonyeshwa pia magari ya bei nafuu yenye namba za Kenya yaliyopitia Namanga. Gari la namna hiyo halijalipiwa kodi hapa, na siku likikamatwa atakayeulizwa ni aliye kwenye usukani.

Mrombo wa Njiro

Ninawashukuru kwa dhati, na nimeona ni haki niwaletee mrejesho.

Dalali wa Sakina alikiri kwamba ni maili. Namba ya Uingereza alisema hana. Nilipoomba kulipima jioni na alfajiri alinijibu kwamba gari haliwezi kulala nje ya yadi, nikamwambia nitakuja mimi yadini, akasema mlinzi hafungui kabla ya saa mbili. Saa mbili nilipofika injini ilikuwa ya moto. Sikuendelea.

Jumamosi nilikwenda Moshi. Mzee aliniacha niwashe mwenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Iliwaka mara moja, bila moshi, lakini ilikuwa na mlio wa tik-tik-tik upande wa kulia ambao ulipotea baada ya dakika tatu hivi. Kadi ina jina lake, madeni hakuna. Alinitolea daftari la mistari ambalo ameandika kila matengenezo tangu mwaka 2011, tarehe, kilomita na jina la fundi, kwa mwandiko wake. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwenye kilomita 201,000, mwaka 2018. Kwenye mpando wa Marangu mshale wa joto haukusogea. Tatizo ninaloliona ni upande wa nyuma: nikilipandisha gari kwa kitufe cha urefu, linachukua muda mrefu, na kwenye matuta nyuma ni pagumu. Mzee anasema fundi mmoja alimshauri ang'oe mfumo wote wa haidroli (mafuta yenye msukumo yanayopandisha na kushusha gari) na kuweka springi na shokomzoba za kawaida.

Naomba Fundi anisaidie kuhusu mlio huo na huo mfumo. Na je, petroli itanimaliza?

Fundi wa Unga Limited

Mlio unaopotea injini ikipata joto, kwenye V8 hiyo ya lita 4.7, mara nyingi ni manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, iliyopata ufa. Chuma kikipata joto kinatanuka na ufa unajifunga. Sikiliza karibu na manifoldi asubuhi nyingine ukiwa na fundi, na mtafute alama ya masizi meusi. Si ugonjwa wa kuua injini, na watu wanatembea nao miaka, lakini ni hoja ya bei.

Mkanda kwa kilomita bado una nafasi, kwa kuwa hubadilishwa kila kilomita 100,000, ila mpira huzeeka hata usipotembea. Ubadilishe mara tu unapolichukua gari, pamoja na kikaza mkanda, roli zake na pampu ya maji, kwani kazi ya kufungua ni ile ile.

Mfumo wa haidroli usiung'oe kabla ya kuupima. Chini ya boneti kuna kopo la mafuta yake lenye mistari ubavuni. Injini ikiwa inaunguruma, gari liwe juu kabisa, soma mafuta yako kwenye mstari upi. Lishushe hadi chini kabisa, soma tena, kwa maana likishuka mafuta hurudi kwenye kopo. Hesabu mistari kati ya masomo hayo mawili. Mfumo mpya hutoa kama mistari 14. Ikibaki 7 au pungufu, gesi iliyo ndani ya mipira ya chuma, ambayo hufanya kazi ya springi pamoja na springi za chuma, imekwisha, na hakuna oili itakayoirudisha. Ikiwa kati ya hapo, inawezekana mafuta yamechakaa tu au msukumo wa mafuta hayo upande wa nyuma unahitaji kurekebishwa. Wanaokushauri uweke springi za kawaida wanakuambia jambo ambalo litafanya kazi, na kwa mtu wa mizigo nami ningelisema. Lakini wewe uliandika juu ya nyonga ya mama, na ulaini unaoutafuta uko ndani ya mfumo huo.

Petroli nikuambie wazi. Hesabu kilomita 6 kwa lita safarini, na pungufu mjini. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu lita 27 kabla hujaanza kupanda Rombo. Range ya dizeli ingetumia pengine lita 18. Chukua tofauti hiyo, izidishe kwa safari zako za mwaka na kwa bei ya pampu, uone kama unaibeba. Kama unakwenda mara moja kwa mwezi na Noah inabaki kwa shughuli za mjini, unaibeba. Kama VX ndiyo itakayopeleka watoto shule kila siku Njiro, fikiri tena, au subiri VX ya dizeli ya lita 4.2, ambayo ni adimu na bei yake utaiona mwenyewe.

Mrombo wa Njiro

Mistari ni 9. Fundi niliyekwenda naye aliukuta ufa wa manifoldi upande wa kulia, masizi yanaonekana. Tulikaa na mzee barazani, tukapiga hesabu ya manifoldi, mkanda na mafuta ya haidroli mbele yake, naye akashuka hadi milioni 38 na laki tano. Noah inabaki. Jumatano tunakwenda kwa wakili, kisha TRA.

Nilikuwa nimempitia mama kutoka KCMC, kwa hiyo alikuwepo. Nilibonyeza kitufe gari likashuka hadi chini kabisa, akashika mpini wa juu ya mlango, akaingia mwenyewe bila kushikwa mkono. Aliuliza kama kiti kile kilichopasuka kitashonwa. Kama kuna anayemjua fundi mzuri wa viti vya ngozi, Moshi au Arusha, naomba anielekeze.